Kamera Kuukuu, Filamu Mpya: Safari ya Rochester

Filamu ya 620 na filamu ya 120 ni filamu moja. Upana wake ni ule ule, milimita 61 na ushei. Urefu ni ule ule, karatasi ya mgongoni ni ile ile, na namba zilizochapwa juu ya karatasi hiyo hazitofautiani. Kinachozitenga ni spuli, yaani ile rili ndogo inayozungushiwa filamu. Spuli ya 120 ina visahani vya pembeni vyenye kipenyo cha milimita 25 hivi na mti wa kati mnene. Ya 620 ina visahani vya milimita 23 hivi, vya bati jembamba, na mti wake wa kati ni mwembamba zaidi. Kampuni ya Kodak ilianza kuuza filamu ya 620 mwanzoni mwa miaka ya 1930 na ikaacha kuitengeneza mwaka 1995. Filamu ya 120, iliyotangulia kwa miaka 30 hivi, bado inatengenezwa hadi leo. Kwa hiyo kamera nyingi zilizo nzima kabisa, zenye lenzi safi na shata inayofanya kazi, zimewekwa kabatini kwa sababu ya milimita mbili tu.

Zilikozaliwa kamera hizo ni Rochester, katika jimbo la New York, na ndiko nilikokwenda kuziona. Njia ya treni kutoka jiji la New York hufuata mto Hudson kuelekea kaskazini hadi Albany, kisha hukata magharibi kupitia Utica na Syracuse. Ni safari ya saa sita hadi saba. Abiria anayetaka kuuona mto hukaa upande wa kushoto, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ya mwanzo wa safari reli inapita ukingoni, karibu mno hata maji yanaonekana kana kwamba yako chini ya dirisha.

Rochester ni mji uliojengwa kwa nguvu ya maji. Mto Genesee unaukata kati, na humo humo mjini unaanguka kwenye maporomoko ya High Falls yenye kimo cha karibu mita 29. Kabla ya picha, maporomoko hayo yalizungusha vinu, na mji ulijulikana kwa unga wa ngano. Ukisimama kwenye daraja la waenda kwa miguu lililo mbele ya maporomoko, unaliona kwa karibu jengo la makao makuu ya Kodak katika mtaa wa State, lenye ghorofa 19, likiwa na jina la kampuni kileleni.

Aliyeliweka jina hilo huko ni George Eastman, aliyezaliwa mwaka 1854 na kuwahi kuwa karani wa benki. Mwaka 1888 alitoa kamera ya kwanza iliyoitwa Kodak. Iliuzwa dola 25 ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Mteja akishazimaliza, aliirudisha kamera nzima Rochester, ambako filamu ilitolewa, ikasafishwa, picha zikachapwa, na kamera ikarejeshwa ikiwa na filamu mpya. Mpango huo ulikuwa na kikwazo kimoja: mwenye kamera hakuweza kubadilisha filamu mwenyewe nje ya chumba cha giza. Suluhisho halikutoka kwa Eastman. Mwaka 1892 Samuel Turner wa Boston aliibandika filamu kwenye karatasi nyeusi ndefu kuliko filamu yenyewe, akachapa namba mgongoni mwa karatasi, na kutoboa kidirisha chekundu nyuma ya kamera ili namba hizo zisomeke. Mwaka 1895 Eastman aliinunua kampuni ya Turner. Sehemu ya ugumu wa leo wa kuzilisha filamu kamera kuukuu, na wepesi wake pia, unatokana na karatasi ile na kidirisha kile.

Mwaka 1900 ikaja Brownie, kamera ya sanduku iliyobuniwa na Frank Brownell na kuuzwa kwa dola moja. Mwaka uliofuata Brownie namba 2 ilikuja na filamu mpya ambayo baadaye ilipewa namba 120. Kodak ilizaa namba nyingine pia: 116 ya mwaka 1899, 122 ya mwaka 1903 kwa picha za ukubwa wa postikadi, 127 ya mwaka 1912 kwa kamera ya mfukoni, 616 na 620 za miaka ya 1930, 828 ya mwaka 1935. Baadhi zilizaliwa kwa sababu ya maana. Ya 620 ilitengenezewa kamera nyembamba zaidi, lakini pia ilimfunga mteja: mwenye kamera ya 620 alilazimika kununua filamu iliyo juu ya spuli ya 620, na filamu hiyo ilipokatwa sokoni hakuwa na pa kwenda. Ni haki kulisema hilo mjini kwake Kodak kwenyewe.

Nyumba ya Eastman katika barabara ya East Avenue ni makumbusho tangu mwaka 1949. Kwa mgeni aliyetoka Afrika Mashariki kuna jambo la kumshtua kabla hajaziona kamera. Katika ukumbi wenye mimea na paa la vioo, ukutani, kimetundikwa kichwa cha tembo, masikio yamefunuka, pembe zimeelekea chini. Eastman alikuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1926, akiwa ameshapita umri wa miaka 70, akazunguka Kenya na Tanganyika, na akarudi tena mwaka 1928. Wenyeji wake katika safari ya kwanza walikuwa Martin na Osa Johnson, wapiga sinema Wamarekani waliokuwa wakiishi kaskazini mwa Kenya. Picha za safari zile zilipigwa kwa filamu iliyotoka Rochester, ikavuka bahari kwenda porini. Tembo amebaki ukutani, na wapagazi waliobeba masanduku ya filamu hawana majina katika maelezo ya ukumbini nilipopita. Walistahili kutajwa.

Kaskazini-magharibi mwa mji kuna eneo la viwanda lililoitwa Kodak Park. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kodak ilikuwa na wafanyakazi wapatao 60,000 katika Rochester na vitongoji vyake. Mwaka 2007 majengo kadhaa yaliangushwa kwa baruti, na Januari 2012 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Hata hivyo kazi haikukoma. Katika jengo namba 38 mashine kubwa bado inapaka utando wa dawa juu ya filamu, gizani, na kutoka humo zinapatikana Tri-X, T-Max, Portra, Ektar, na Gold 200 ambayo tangu mwaka 2022 inauzwa pia kwa ukubwa wa 120. Kwa maneno mengine, filamu inayohitajiwa na kamera za zamani inatengenezwa mji ule ule, ila inatoka kiwandani ikiwa juu ya spuli isiyofaa.

Katika maduka ya vitu vya kale ya Rochester kamera za 620 ni nyingi na bei yake ni nafuu. Inayoonekana kuliko zote ni Brownie Hawkeye, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1949 na 1961: kisanduku cheusi cha bakelaiti chenye mkono wa plastiki juu, kinachopiga picha 12 za mraba za sentimita 6 kwa 6. Kabla ya kununua, jambo la kwanza ni kufungua nyuma na kuangalia kama ndani mmebaki spuli tupu ya 620. Spuli hiyo ni ya bati na hukaa upande wa kupokea filamu. Kamera isiyo nayo ni kamera isiyo na funguo. Jambo la pili ni kutazama mwanga kupitia lenzi huku shata ikifyatuliwa, na la tatu ni kupitisha kidole kwenye kona za kamera za kukunja, kwani mifuko yake ya ngozi hutoboka pale inapokunjwa, na tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha kuunguza filamu yote.

Njia iliyo bora ya kuitumia filamu ya 120 ndani ya kamera ya 620 ni kuihamisha kutoka spuli moja hadi nyingine. Inahitaji giza tupu, ama chumba cha giza au mfuko wa giza wenye mikono, spuli ya 120 iliyo tupu ya kupokelea kwa muda, na spuli ya 620. Niliona kazi hii ikifanywa kwenye meza ya jikoni na mzee mstaafu aliyekuwa fundi kiwandani, na vidole vyake vilifundisha kuliko maelezo yoyote.

Sababu ya kuzungusha mara mbili ni mpangilio wa filamu yenyewe. Ndani ya roli ya 120, filamu imebandikwa kwenye karatasi kwa tepu upande mmoja tu, ule wa mwanzo. Upande wa mwisho uko huru. Mzunguko wa kwanza unaipeleka roli yote kwenye spuli tupu ya 120, na sasa mwisho wa karatasi ndio uko nje. Mzunguko wa pili unaanza na mwisho huo wa karatasi, unaoingizwa kwenye upenyo wa spuli ya 620. Baada ya mizunguko kadhaa ya karatasi tupu, kidole kinagusa ncha ya filamu iliyo huru. Hapo ndipo pa kutulia. Ncha hiyo isipoingia chini ya karatasi sawasawa itakunjika, na roli nzima itakuwa na kovu. Mzee yule aliishika karatasi kingoni kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, akaikaza kidogo, akaitelezesha ncha ya filamu ndani kwa kidole gumba cha kulia, bila kuigusa katikati hata mara moja.

Kipengele kinachowasumbua wengi kinakuja mwishoni. Kwa kuwa mti wa kati wa 620 ni mwembamba, filamu na karatasi hazijifungi kwa kiwango kile kile cha mwanzo, na ukifika kwenye tepu filamu inakuwa imezidi karatasi kwa milimita chache. Ziada hiyo hujitokeza kama uvimbe. Kuubana kwa nguvu ni kosa, maana uvimbe utageuka kuwa mkunjo ndani ya picha ya kwanza. Tepu ifunguliwe taratibu, filamu ilazwe palipo tambarare, kisha ibandikwe upya mahali papya. Baadaye karatasi iliyobaki inamaliziwa kuzungushwa ikiwa imekazwa, inafungwa kwa kipande cha karatasi yenye gundi, na roli iko tayari. Mtu akishazoea, kazi yote haizidi dakika tano.

Njia ya pili ni kuipunguza spuli ya 120 yenyewe. Spuli za siku hizi ni za plastiki, kwa hiyo visahani vyake hukatwa kwa kikata kucha mpaka vilingane na ukingo wa karatasi, kisha huparazwa kwa msasa, pembeni na juu, hadi spuli iingie kwenye chumba cha filamu na kuzunguka bila kukwama. Hili hufanyika mchana, roli ikiwa imefungwa, na halihitaji giza. Lakini lina ubaya wake. Ukataji ukigusa karatasi, mwanga huingia kingoni; vumbi la plastiki lisipofutwa vizuri huingia ndani ya kamera na kukwaruza filamu; na spuli iliyopunguzwa inafaa upande wa kutolea tu, si wa kupokelea, kwa sababu ufunguo wa kamera ya 620 umetengenezewa upenyo mdogo. Brownie Hawkeye ni mojawapo ya kamera zenye huruma: nyingi zinakubali spuli ya 120 upande wa kutolea bila kukatwa au kwa kupunguzwa kidogo tu, mradi upande wa pili iwepo ile ya 620.

Njia ya tatu ni kuichonga kamera. Hii hufanywa zaidi kwa Kodak Medalist, kamera nzito ya mwaka 1941 yenye lenzi ya Ektar inayopiga picha za sentimita 6 kwa 9, iliyotumiwa sana na jeshi la majini la Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Fundi wa mashine huvipanua vyumba vya spuli kwa kuondoa chuma. Matokeo ni mazuri kwa mpiga picha anayeitumia kila siku. Lakini chuma kilichoondolewa hakirudi, na kwa kamera nyingine zote ni heri filamu ibadilike kuliko kamera.

Filamu ikishaingia, kinafuata kidirisha chekundu. Filamu nyingi za zama za Turner hazikuhisi rangi nyekundu, hivyo mwanga uliopita kwenye kidirisha haukuzidhuru. Filamu za leo za rangi, na nyeusi na nyeupe zilizo nyingi, zinahisi rangi zote, na kinga pekee iliyobaki ni karatasi ya mgongoni. Juani, karatasi hiyo haitoshi. Kidirisha hufunikwa kwa tepu nyeusi na hufunuliwa tu wakati wa kusongeza filamu, kamera ikiwa kivulini mwa mwili wa mpiga picha. Karatasi ya 120 ina safu tatu za namba: moja ya picha 8, moja ya picha 12, moja ya picha 16. Kamera ya 620 kwa kawaida ina kidirisha chake juu ya safu inayoihusu, kwa hiyo kuhesabu hakuna tabu yoyote.

Kasi ya filamu nayo inataka uamuzi. Kamera ya sanduku ina shata ya kasi moja, kati ya 1/30 na 1/50 ya sekunde, na tundu la lenzi la f/11 hadi f/16. Ilikusudiwa filamu za polepole. Anayesoma kasi ya filamu kwenye maboksi ya zamani akumbuke kwamba mwaka 1960 kipimo cha ASA kilirekebishwa na namba za filamu nyingi za nyeusi na nyeupe zikaongezwa maradufu, ilhali filamu yenyewe haikubadilika. Kwa jua kali, na hasa jua la pwani yetu linalorudishwa na mchanga na kuta zilizopakwa chokaa, filamu ya ISO 100 ndiyo inayofaa. Ya 400 inafaa siku ya mawingu au kivulini. Filamu za rangi za negativu huvumilia mwanga kuzidi. Za slaidi hazivumilii, na si za kuwekwa kwenye kamera isiyo na marekebisho.

Namba nyingine ni ngumu zaidi kuliko 620. Kamera za 116 na 616 zilitumia filamu yenye upana wa milimita 70, na Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1984. Filamu ya 120 huingia humo kwa kuongezewa vipande pande zote mbili za spuli, ambavyo siku hizi watu huvichapa kwa printa ya 3D. Kwa kuwa filamu ni nyembamba kuliko dirisha la ndani la kamera, kingo zake hazina pa kuegemea, na huzama na kupinda. Vipande viwili vya kadi nyeusi vikibandikwa juu na chini ya dirisha hilo huishikilia. Namba za mgongoni haziendani tena na urefu wa picha. Dawa yake ni kutoa sadaka karatasi moja kuukuu ya 120: inapitishwa ndani ya kamera ikiwa wazi, alama zinapigwa kila mwisho wa picha, na idadi ya mizunguko ya ufunguo inaandikwa. Roli moja hutoa picha sita au saba ndefu. Katika kamera za 122, za postikadi, ufundi ni ule ule ila vipande vya pembeni ni virefu zaidi, na picha inayotoka ni ya upana wa sentimita 6 na urefu wa 14, ambayo kwa mandhari ya ufukwe au ukingo wa ziwa inapendeza kuliko ile iliyokusudiwa na waundaji.

Kwa 127 mambo yanageuka: filamu ya 120 ni pana mno na lazima ikatwe hadi milimita 46. Hukatwa gizani kwa kisanduku chenye wembe uliofungwa imara, filamu ikivutwa polepole, kisha hupunguzwa urefu na kubandikwa kwenye karatasi ya zamani ya 127 iliyotunzwa. Hii ndiyo filamu iliyotumiwa na Vest Pocket Kodak ya mwaka 1912, kamera ambayo askari wengi walikwenda nayo kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Filamu ya 127 iliyokatwa tayari bado hutengenezwa kwa uchache, na asiye na mkono mtulivu ni bora ainunue.

Kamera za 828 na zile za kaseti ya 126 za mwaka 1963 hutumia filamu yenye upana wa milimita 35, hivyo filamu ya kawaida ya 135 inawekwa humo, na matundu yake ya pembeni huonekana ndani ya picha. Kwenye 126 kuna pini inayotafuta tundu moja kwa kila picha; ikikutana na matundu mengi husimama kila mara, na mpiga picha hulazimika kuziba lenzi kwa kiganja na kufyatua mara kadhaa ili filamu isonge. Kamera zilizotumia vioo badala ya filamu, zilizotangulia zote hizi, ndizo zenye nafuu kuliko inavyodhaniwa: kipande cha filamu cha sentimita 9 kwa 12, ambacho kampuni za Ilford na Foma bado zinakitengeneza, huingizwa kwenye bamba jembamba la chuma lenye unene wa kioo, na kamera haijui tofauti.

Filamu iliyokwisha kupigwa ndani ya kamera ya 620 husafishwa kwa dawa zile zile za 120, kwenye tangi lile lile. Yule anayeipeleka maabara aandike juu ya bahasha, kwa herufi kubwa, kwamba spuli irudishwe pamoja na negativu. Mafundi wa maabara wamezoea kuzitupa spuli tupu, na ya 620 ikitupwa, kazi inasimama mpaka ipatikane nyingine.